Sura Ndani ya Pakiti ya Sigara

Somo la redio kwa madarasa ya kusoma na kuandika ya watu wazima. Limepigwa chapa kwa ajili ya wanafunzi waliolisikia na wale waliolikosa.

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kufungua redio, andika ubaoni maneno haya matano: kadi, pakiti, tangazo, mwigizaji, ruhusa. Wanafunzi wayasome pamoja, kisha mmoja mmoja. Kila mtu awe na daftari na penseli, maana mna hesabu mbili katika somo hili.

Natumaini mmekwisha kaa, na taa inawaka vizuri.

Leo naanza na barua. Imetoka darasa la Daudi, wilaya ya Mbulu, nayo ni kurasa mbili zilizoandikwa kwa mkono wa wanafunzi wenyewe. Ndugu zangu wa Daudi, nimeisoma barua yenu mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, kwa kuwa mwaka jana wengi wenu hamkuweza kuandika hata majina yenu. Mara ya pili na ya tatu niliisoma kwa sababu mmeniuliza mambo magumu.

Wengine hawakuiona barua hiyo, basi nitaeleza kidogo. Mwanafunzi mmoja wa Daudi amerithi sanduku la mbao kutoka kwa marehemu baba yake. Baba huyo alikuwa kibarua katika shamba la kahawa huko Oldeani, zamani Oldeani ilipokuwa bado katika wilaya ya Mbulu. Sanduku alilinunua kwa mzungu aliyekuwa akiuza vitu vyake ili aondoke. Juzi, katika kusafisha sanduku, ilionekana kadi ndogo imejibana chini ya mbao. Upande mmoja ina picha ya mwanamke mwenye nywele za mawimbi na manyoya mabegani. Upande wa pili ina maandishi ya Kiingereza. Chini ya picha palikuwa na jina, lakini maji yameila sehemu hiyo. Mpita njia mmoja aliiona akasema yuko tayari kutoa shilingi 5,000. Darasa zima likashangaa. Wakaniuliza: Huyu mwanamke ni nani? Kadi hii ni ya nini? Je, ni mali?

Tena mwishoni, kwa mwandiko wa mtu mwingine, kuna swali la mama mmoja wa darasa hilo. Hilo nitalijibu baadaye kidogo, kwani ndilo zito kuliko yote.

Mmefanya jambo moja la maana sana. Hamkujua Kiingereza, lakini mmenakili herufi za nyuma ya kadi, moja baada ya moja, bila kukosea: JOHN PLAYER & SONS. Hilo ni jina la kampuni ya sigara ya mji wa Nottingham, Uingereza. Basi hiyo ni kadi ya sigara. Kwa jinsi mlivyoeleza nywele na mavazi, nadhani ni ya miaka ya 1930, katika mafungu ya picha za waigizaji.

Sasa tuulize: kadi ya sigara ni kitu gani?

Chukueni kipande cha karatasi ngumu, mkikate kiwe na urefu wa sentimeta 7 kasoro kidogo, na upana wa sentimeta 3 na nusu. (Mwalimu asimamishe hapa mpaka wote wamekata.) Hicho ndicho kipimo cha kadi nyingi za Uingereza. Kinaenea katika kiganja cha mtoto. Kinaenea pia ndani ya pakiti ya sigara, na hapo ndipo kazi yake ilipoanzia. Zamani, pakiti za sigara zilikuwa za karatasi laini. Mtu akiitia mfukoni na kuinama shambani, sigara zote zilivunjika. Kwa hiyo wenye viwanda walitia ndani kipande cha karatasi ngumu ili sigara zikae imara. Kipande hicho kilikuwa kitupu. Kisha mtu fulani akafikiri: kwa nini kiwe kitupu, nacho kitatazamwa na kila mnunuzi? Mnamo miaka ya 1870 huko Marekani vikaanza kutiwa picha. Kampuni ya Allen & Ginter ya mji wa Richmond ilikuwa moja ya zile za mwanzo.

Lakini karatasi ngumu peke yake haielezi mambo yaliyofuata. Yapo mambo ya mashine, nayo ni hesabu yetu ya kwanza.

Mpaka mwaka 1880 sigara zilisokotwa kwa mkono. Msokotaji hodari, akifanya kazi kutwa, aliweza kupata sigara zipatazo 3,000. Mwaka huo kijana mmoja Mmarekani, James Bonsack, alitengeneza mashine ya kusokota. Miaka michache baadaye tajiri mmoja wa tumbaku, James Buchanan Duke, akaifunga katika kiwanda chake mjini Durham. Mashine hiyo moja, ikienda vizuri, ilitoa sigara 120,000 kwa kutwa ya saa kumi. Gawanyeni 120,000 kwa 3,000. (Mwalimu asimamishe.)

Mmepata 40. Mashine moja ilifanya kazi ya watu 40.

Mtu akisikia hivyo atasema, Duke alitajirika. Kweli, baadaye alitajirika sana. Lakini kwanza alipata shida ambayo mkulima yeyote wa Mbulu anaijua. Mwaka ambao kila shamba limezaa vitunguu saumu, magunia yamejaa njiani na mnunuzi haonekani. Duke alikuwa na sigara nyingi kuliko wavutaji. Watu wengi wa nchi yake siku hizo walitafuna tumbaku au walivuta kiko na biri kubwa. Sigara ndogo ilionekana kitu cha vijana wa mjini. Hakuweza kuirudisha mashine nyuma. Basi ilimpasa kutengeneza wavutaji, kama vile mashine ilivyotengeneza sigara.

Akatafuta sura ambazo watu walikwisha zipenda. Nani alipendwa siku hizo? Hapakuwa na redio wala sinema. Watu waliojulikana mji kwa mji walikuwa waigizaji wa jukwaani, na hasa wanawake: Sarah Bernhardt wa Ufaransa, Lillie Langtry wa Uingereza, Lillian Russell wa Marekani. Walisafiri kwa meli na treni, wakicheza na kuimba katika majumba makubwa. Watu wengi hawakuwa na nauli wala kiingilio. Lakini pakiti ya sigara walikuwa na senti za kuinunua. Ndani yake wakaikuta sura ya yule waliyekuwa wakimsikia tu. Wengine kwenye kadi hizo walikuwa wasichana wasiojulikana, waliovikwa nguo za kubana na kupewa jina la mwigizaji, maana kiwanda kilitaka picha nyingi kwa haraka.

Kadi hizo hazikupendeza kila mtu. Baba yake Duke, mzee Washington Duke, alikuwa mtu wa kanisa. Mwaka 1894 alimwandikia mwanawe barua ya kumlaumu kwa picha hizo, akaona zinapotosha vijana. Namhurumia mzee huyo. Aliijenga biashara ya tumbaku kwa mikono yake, akiuza kwa gari la kukokotwa na nyumbu, halafu akaona haya kwa karatasi iliyokuwa ndani ya pakiti. Juu ya tumbaku yenyewe hakulalamika.

Kutoka Marekani desturi hiyo ilivuka bahari ikaingia Uingereza, na huko ilistawi kuliko ilikotoka. Waingereza walizipa kadi namba. Jambo hili laonekana dogo, lakini sivyo. Kadi ikiwa na namba 17, na nyuma yake pameandikwa kuwa ni moja katika fungu la 50, yule aliyeipata hatulii tena. Anataka ya 16 na ya 18. Kampuni ziliuza pia albamu za kubandikia kwa senti kidogo, kila ukurasa una nafasi tupu zenye namba, na kila nafasi tupu ni kama mtoto anayelia.

Sasa hesabu ya pili. Pakiti ya sigara kumi ilikuwa na kadi moja. Mtu anataka fungu la kadi 50. Akiwa na bahati isiyopata kuonekana duniani, kila pakiti ikampa kadi mpya, atanunua pakiti ngapi na kuvuta sigara ngapi? (Mwalimu asimamishe.)

Pakiti 50, sigara 500. Vizuri. Lakini bahati kama hiyo haipo. Kadi zimechanganywa. Mwanzoni kila pakiti ina kadi mpya, lakini unapokuwa na kadi 45, karibu kila unachofungua unacho tayari. Wajuzi wa hesabu wamekwisha kokotoa: mtu asiyebadilishana na mwenziwe atahitaji kufungua, kwa wastani, pakiti 225 ndipo afikishe kadi zote 50. Hizo ni sigara 2,250. Kwa ajili ya karatasi 50 tu!

Ndiyo maana watoto wa Uingereza walikuwa wakisimama njiani na kuwaomba watu wazima wanaovuta wawape kadi. Mtoto hakuvuta, lakini alijua majina ya kampuni zote, na nyumbani alimwomba baba anunue hii asinunue ile. Tangazo lilikuwa limepata mhubiri asiyelipwa.

Sitawaambia kwamba kadi hizo zilikuwa mbaya tupu. Nyuma yake yalikuwamo maelezo mafupi juu ya mtu au kitu cha picha, nazo hazikuwa za waigizaji peke yao: palikuwa na ndege, meli, maua, bendera, wachezaji wa mpira. Wako watu wengi maskini waliojifunza kusoma maneno magumu kwa kadi za sigara, na sisi tunaojifunza ukubwani hatuwezi kulidharau jambo hilo. Kadi zilikoma nchini Uingereza mnamo mwaka 1940, wakati wa vita, kwa sababu karatasi ilikuwa adimu.

Nyuma ya kadi palielezwa mengi, ila jambo moja halikuelezwa. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitoa uchunguzi wao kuonyesha kwamba wavuta sigara hupatwa na saratani ya mapafu zaidi sana kuliko wasiovuta. Wakati huo watoto waliokusanya kadi za waigizaji walikuwa watu wazima, na wengi walikuwa wakivuta. Leo Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku inaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Hapa kwetu sheria ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18. Kenya iliyapiga marufuku matangazo ya tumbaku kwa sheria ya mwaka 2007. Ukienda dukani leo ukashika pakiti, maandishi utakayoyaona ni onyo. Lakini hapo tena kuna jambo: dukani kwenu sigara huuzwa moja moja, na anayenunua moja haishiki pakiti, wala onyo halisomi. Anayelisoma ni mwenye duka.

Sasa nafika kwenye swali la yule mama. Mama, nitalitaja bila jina lako, kama ulivyoomba.

Mama huyu ni mwimbaji wa kwaya. Siku moja kwaya yao iliimba kwenye sherehe, na mtu mwenye kamera akawapiga picha. Hakuna aliyeona vibaya. Miezi ikapita. Siku ya mnada jirani akamwambia, "Nimekuona dukani." Mama akaenda kutazama. Ukutani aliona karatasi kubwa yenye picha yake, amefungua kinywa katika kuimba, na kando yake bidhaa ambayo hajapata kuitumia hata siku moja. Watu wakaanza kumtania kuwa amekuwa tajiri, amelipwa na wakubwa. Wengine hawakutania, waliamini. Hata ndugu wakaja kukopa. Mama anauliza: "Uso ni wangu au ni wa yule mwenye kamera?"

Mama, swali lako limekwisha ulizwa mbele ya majaji, na majibu hayakuwa sawa sikuzote.

Nianze na wale waigizaji. Mjini New York alikuwako mpiga picha mashuhuri, Napoleon Sarony. Waigizaji wakubwa walipofika mjini aliwalipa wao, ili apewe yeye peke yake ruhusa ya kuwapiga picha, kisha akauza picha hizo kwa wingi. Mwaka 1882 alimpiga picha mwandishi Oscar Wilde. Kampuni moja ya kupiga chapa ikainakili picha hiyo, nakala 85,000, bila kumwuliza Sarony. Akashtaki. Mwaka 1884 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba picha ni kazi ya akili ya mpiga picha, na hakuna ruhusa ya kuinakili bila yeye. Hukumu njema. Lakini angalieni vizuri: mahakama ilimlinda mwenye kamera. Juu ya mwenye uso haikuulizwa.

Mwenye uso alifika mahakamani baadaye, naye hakuwa mwigizaji. Alikuwa msichana tu wa jimbo la New York, jina lake Abigail Roberson. Kampuni ya unga wa ngano ilitia picha yake kwenye karatasi za matangazo 25,000, zikabandikwa madukani, maghalani na hata katika vilabu vya pombe. Hakuombwa ruhusa, hakulipwa. Watu wakamtambua, wakamcheka, naye akaugua kwa fedheha hata akalala kitandani. Alidai fidia ya dola 15,000. Mwaka 1902 majaji saba walikata shauri lake, nao walikuwa wamegawanyika: watatu walimpa haki, wanne walimnyima. Waliomnyima walisema kwamba haki ya namna hiyo haimo katika sheria. Picha hata ilikuwa nzuri, tena haikumsema kwa ubaya!

Watu wakakasirika. Magazeti yakaandika. Mwaka uliofuata, 1903, jimbo la New York likatunga sheria: asitumie mtu jina wala picha ya mwenziwe kwa tangazo la biashara bila ruhusa yake iliyoandikwa. Iliyoandikwa, ndugu zangu. Msichana yule alishindwa, lakini waliomfuata walilindwa kwa ajili ya kushindwa kwake.

Nyumbani kwetu Afrika Mashariki nako sauti na sura za wasanii ziliuza vitu. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja, aliyezaliwa Fumba na kuwahi kuuza vyungu akitembea, alipelekwa Bombay pamoja na wenzake ili sauti zao zinaswe kwenye santuri. Kampuni haikufanya hivyo kwa kupenda taarabu tu. Mtu akitaka kumsikia Siti nyumbani kwake, ilimpasa kununua sahani, na asiye na mashine ya kuipigia ilimpasa kununua na mashine. Mwaka 1959 Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, alikuja Nairobi, akaimba kuisifu dawa ya Aspro. Mwenzake Edouard Masengo aliimba kwa ajili ya Coca-Cola. Hao walijua wanamwimbia nani. Walikubali, wakaimba kwa vinywa vyao, na msikilizaji naye alijua kuwa hilo ni tangazo. Sioni aibu hapo. Msanii naye anakula ugali.

Tofauti yako na Bosco, mama, ni neno la tano ubaoni. Lisomeni pamoja. (Darasa lisome: ruhusa.)

Basi, nchini mwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ilitungwa mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa binafsi si jina na namba ya simu peke yake. Ni habari yoyote ambayo kwayo mtu anaweza kutambulikana, na picha ya uso wako ni hivyo. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Sisemi kwamba utashinda, kwani mimi si hakimu, na sijaiona karatasi ile. Lakini nakushauri hivi. Usiichane, hata kama roho inakuuma. Mwombe kijana mwenye simu aipige picha ikiwa pale pale ukutani, na duka lionekane. Andika tarehe. Andika majina ya wawili walioiona pamoja nawe. Soma maandishi madogo ya chini, maana huko ndiko huwekwa jina la aliyetoa tangazo; usimlaumu mwenye duka kabla ya kujua, huenda naye aliletewa tu akaambiwa abandike. Kisha mwandikie mtoa tangazo barua fupi: mimi ni nani, picha ni yangu, sikuulizwa, nataka iondolewe. Weka nakala. Asipojibu, nakala hiyo ndiyo utakayoipeleka kwenye Tume, au kwa mtu wa msaada wa sheria kule Mbulu mjini au Babati. Darasa lote limsaidie mama kuiandika. Zoezi la juma hili ni hilo, nami sitawapa jingine.

Tena, siku nyingine kwaya ikipigwa picha, mwulizeni mwenye kamera picha inakwenda wapi. Akileta karatasi ya kutia sahihi, isomeni yote kwa sauti kabla ya kushika kalamu.

Nilikaribia kusahau swali la mali. Mwenye sanduku angetaka nimwambie kuwa ametajirika. Huko Marekani kuna kadi moja ya sigara ya mchezaji wa besiboli, Honus Wagner, iliyotolewa kati ya mwaka 1909 na 1911. Nakala moja iliuzwa mwaka 2022 kwa zaidi ya dola milioni 7. Lakini sababu ni kwamba ziko chache sana: Wagner mwenyewe alikataa picha yake isitumike, zikaacha kupigwa chapa. Wengine husema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake. Wengine husema hakuridhika na malipo. Vyovyote, alisema hapana, na hapana yake ndiyo iliyoipa kadi thamani.

Kadi za waigizaji za miaka ya 1930 si hivyo. Zilipigwa chapa kwa mamilioni, na watu wengi wamezitunza. Moja peke yake, tena iliyoliwa na maji, kwa wakusanyaji bei yake ni ndogo mno. Kama yule mpita njia bado anatoa shilingi 5,000, amekupa bei nzuri, na ukiichukua hujapunjwa. Lakini kama ningekuwa mimi, kadi iliyokaa chini ya sanduku la baba yangu tangu Oldeani, nisingeiuza. Hayo ni maoni yangu tu. Ukiamua kuiweka, iwe kavu, ndani ya kitabu kizito, wala usiibandike kwa gundi. Na uitazame nyuma: kadi nyingi za miaka hiyo zilikuwa zimepakwa gundi tayari, zikilowa tu zinashika.

Limebaki jina la mwanamke yule. Limefutika chini ya picha, lakini upande wa nyuma, juu, pana namba na jina la fungu. Hamkuninakilia namba hiyo. Mafungu ya John Player & Sons yameorodheshwa namba kwa namba na wakusanyaji, na mwenye namba anaweza kulipata jina. Ndugu zangu wa Daudi, chukueni kadi leo hii kabla hamjazima taa, mtu mwenye macho mazuri aisome, mwingine aandike. Nikipata namba nitamtafuta, na jina lake nitalisoma hapa kwenye redio, herufi kwa herufi, mpate kuliandika nyuma ya kadi kwa penseli.

Kwa herini.